KONA YA MWALIMU: Mama Katika Mti, Udongo na Rangi

Mwezi uliopita niliahidi kwamba leo tutaongea juu ya kuchemsha maji ya kunywa. Naomba mnisamehe, maji yatangoja kidogo (lakini endeleeni kuyachemsha!). Darasani kwangu kumetokea jambo, na tangu siku ile sina raha mpaka niliandike.

Ilikuwa Ijumaa. Chaki zilibaki vipande viwili tu, na sikutaka watoto wakae bure. Nikagawa karatasi zilizotumika upande mmoja, wengine wakapata penseli, wengine vipande vya makaa. Nikaandika ubaoni: CHORA MAMA YAKO.

Jamani, watoto wanaona vitu! Mmoja alimchora mama na ndoo kichwani pale bombani. Mwingine alimchora kwenye foleni ya mgao, mtoto mgongoni, mwingine kashika sketi. Mwingine mama anakaanga mandazi na moshi umejaa karatasi nzima, mama mwenyewe haonekani. Binti mmoja alimchora mama mwenye kichwa kikubwa kuliko nyumba. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kwa sababu anawaza sana."

Halafu nikafika kwa kijana mmoja wa miaka kumi hivi. Alikuwa amechora kitenge. Kitenge tu, kimejaa samaki wadogo wadogo, juu yake hakuna kichwa, chini hakuna miguu. Mimi kwa haraka zangu nikachukua kalamu nyekundu nikaandika 3/10, nikamwambia, "Umesahau kichwa. Rudia."

Akanijibu polepole, "Mwalimu, sura siikumbuki. Nilikuwa mgongoni."

Ndugu zangu, kalamu nyekundu haifutiki. Nilisimama pale kama mti.

Jumatatu asubuhi akaja mama mmoja shuleni, ni mama mdogo wake, ndiye aliyemlea. Akaniuliza, "Mwalimu, ni wewe uliambia watoto wachore mama zao?"

"Ni mimi, mama. Karibu ukae."

"Tangu Ijumaa mtoto hali vizuri. Ananiuliza vitu ambavyo mimi nilikuwa nangojea akomae ndipo nimwambie."

Nikamwomba msamaha, nikampa ile karatasi. Akaiangalia muda mrefu sana. Mwisho akasema, "Hiki kitenge ninacho. Kiko kwenye mfuko chini ya kitanda. Dada yangu aliniachia. Mtoto hajakiona tangu tulipotoka kule." Akaondoka bila kuaga.

Picha ya dada yake hana hata moja. Wangapi kati yetu wanazo? Mtu akikimbia usiku anashika mtoto, anashika sufuria, albamu inabaki ukutani. Basi nikajiuliza: watu wa zamani hawakuwa na picha za kamera hata moja, je, walimshikaje mama asiwapotee? Nikatafuta vitabu, nikaazima simu ya rafiki yenye intaneti, na haya ndiyo niliyoyapata. Ninawaletea kwa sababu mengine ni ya kwetu kabisa na sisi hatuyajui.

MAMA ALIYETOKA KWENYE MTI

Wamakonde wanakaa pande zote mbili za mto Ruvuma, kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Hadithi yao ya asili inasema hapo mwanzo alikuwepo mtu mmoja tu, anaishi porini peke yake, haogi wala hanyoi. Siku moja akachonga mti akapata umbo la mwanamke, akalisimamisha karibu na pale anapolala. Usiku lile umbo likawa mtu mzima kweli, mke wake. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa kule bondeni karibu na mto, akafa. Wakapanda juu kidogo, wa pili naye akafa. Wakapanda tena mpaka uwandani juu penye vichaka, na huko wa tatu akaishi.

Angalieni vizuri hadithi hii. Mwanadamu wa kwanza wa Wamakonde ni mchongaji, na kitu cha kwanza alichochonga ni mama. Tena mama huyo alifiwa mara mbili, akahama mara mbili, ndipo mtoto akabaki. Nani katika kambi hii hajui maana ya kuhama ili mtoto aishi?

Mpaka leo Wamakonde wanajulikana duniani kwa uchongaji. Zamani kwenye ngoma za jando na unyago walikuwa na kinyago cha kuvaa mwilini: ubao uliochongwa matiti na tumbo la mimba, tena wenye chale za urembo. Aliyekivaa na kucheza ni mwanamume! Wanaume, msicheke. Fikirini tu mwanamume anabeba tumbo lile mbele ya kijiji kizima. Labda baadhi yetu tungevalishwa hata siku moja tungepunguza maneno nyumbani.

Wachongaji wengi wa Kimakonde walivuka kutoka Msumbiji kuingia Tanganyika wakati wa Wareno, wengine kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, na baadaye wengi wakakimbia vita vya uhuru vya 1964 hadi 1974. Kumbe vile vinyago vya mpingo vinavyouzwa Mwenge kule Dar es Salaam, vingi asili yake ni mikono ya watu waliokimbia kama sisi. Kuna aina moja inaitwa ujamaa: gogo moja zima limejaa watu, mmoja juu ya mwingine, wanashikana wasianguke. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Roberto Yakobo Sangwani, Mmakonde aliyetoka Msumbiji, mwishoni mwa miaka ya 1950. Mara nyingi utamkuta mama kwenye gogo hilo, na ukoo mzima umemning'inia. Hakuna gundi wala msumari, wote wametoka kwenye mti mmoja.

MTOTO WA MTI, NA MAMA WA KASAI

Kwa Wazaramo na Wakwere wa pwani ya Tanzania kulikuwa na kitu kinaitwa mwana hiti. Ni sanamu ndogo ya mti, inaenea mkononi, haina mikono wala miguu, ina kichwa chenye nywele za kusuka na matiti madogo. Mwali akiwekwa ndani alipewa hiyo sanamu aitunze kama mtoto wake: aipake mafuta, aibebe, asiidondoshe. Yaani walianza kumfundisha umama kabla mtoto hajaja, kwa kipande cha mti.

Sasa twende Congo. Wakongomani, hii ni ya kwenu. Huko Kasai, kwa Waluluwa, kulikuwa na sanamu za mama amemshika mtoto, na hazikuwa pambo. Mama aliyepoteza mimba, au aliyezika watoto wachanga mmoja baada ya mwingine, aliingizwa katika chama cha matibabu kilichoitwa Cibola, na sanamu ile ilikuwa sehemu ya dawa yake, ya kulinda mimba na mtoto mchanga. Moja ya sanamu hizo, ya karne ya 19, iko leo Brooklyn Museum kule New York, Marekani. Nimeiona kwenye simu. Mama ana shingo ndefu, mwili umejaa chale nzuri nzuri, ameinamisha macho. Mtoto ni mdogo sana mikononi mwake.

Mimi siwaambii mrudie dawa za zamani. Mama mjamzito aende kliniki mapema, na kadi yake mkononi! Ninachosema ni hiki: watu wale hawakumwambia mama aliyefiwa, "Nyamaza, utazaa mwingine." Walikaa chini, wakachukua mti, wakatumia siku nyingi kumchongea mama mzuri, aliyesimama wima na mtoto yuko hai mikononi. Walimpa kitu cha kutazama na kutumainia. Sisi tunampa nini mama wa jirani aliyezika mtoto mwezi uliopita? Mara nyingi tunampa kilo ya unga, na baada ya wiki moja tunamsahau.

Tena kuna jambo moja linaniuma. Jina la mchongaji halikuandikwa popote, wala la yule mama. Sanamu imevuka bahari, jina limebaki. Shikeni neno hilo, nitalirudia.

HAPA HAPA MALAWI

Wengi wetu tumekaa nchi hii miaka na miaka na tunajua barabara ya Dzaleka kwenda Lilongwe tu. Kumbe wenyeji wetu wana hazina. Katika wilaya ya Dedza kuna eneo la milima linaitwa Chongoni. Shirika la UNESCO liliiweka katika urithi wa dunia mwaka 2006, kwa sababu kuna sehemu 127 zenye michoro kwenye miamba. Michoro ya rangi nyekundu ni ya kale sana, ya wawindaji walioishi hapa kabla ya wakulima. Michoro ya udongo mweupe ni ya Wachewa, na kumbe mingi ilichorwa na wanawake. Inahusiana na chinamwali, yaani unyago wa wasichana. Akina mama ndio waliokuwa wachoraji na walimu, ukuta wao ni jiwe na chaki yao ni udongo. Desturi hiyo iliendelea mpaka karne ya 20.

Yanayofundishwa kule ndani ni siri ya akina mama wa Kichewa, na mimi sitaki kuchimba siri za watu waliotupokea. Lakini inatosha kujua kwamba kwa Wachewa ukoo unahesabiwa kwa upande wa mama. Ndiyo maana ukikaa na jirani yako wa kijijini unamsikia anamtaja mjomba wake mara nyingi kuliko baba. Ukoo ni mti, na mama ndiye shina.

Tena huko Mua, misheni iliyo upande wa ziwa katika wilaya hiyo hiyo ya Dedza, kuna kituo cha Kungoni. Kilianzishwa mwaka 1976 na Padre Claude Boucher, mmisionari kutoka Kanada, na kimefundisha wachongaji wengi. Wao wanachonga hadithi za Biblia kwa sura za watu wa hapa, na Maria wao ni mama wa Kiafrika kabisa. Hata Kenya ilifanyika hivyo. Mwaka 1959 mchoraji Elimo Njau, Mtanzania wa Marangu, Kilimanjaro, alichora picha kubwa ukutani katika kanisa la Mtakatifu Yakobo, Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Kuzaliwa kwa Yesu amekuchora kama kumetokea pale pale Murang'a, mama ni Mwafrika na waliokuja kumwona ni majirani. Watu waliokuwa wamezika ndugu zao jana waliinua macho wakaona mama anayefanana nao, na mtoto mchanga.

Hata ukifika Lilongwe, pale Old Town karibu na posta, wauza vinyago wana mama wa mti wa kila namna: mama na mtungi, mama anatwanga, mama na mtoto mgongoni. Ukipita usiwe na haraka. Simama uangalie mgongo wa kile kinyago. Yule mtoto ameegemeza shavu, haoni sura ya mama, anasikia joto na sauti. Ni kama yule mwanafunzi wangu. Alisema kweli, na mimi nilimpa tatu.

MAMA ALIYECHONGA MSIBA WAKE

Naomba mnivumilie, huyu ni wa mbali lakini hadithi yake nimeiweka moyoni. Ujerumani alikuwepo mama mchoraji na mchongaji, Käthe Kollwitz, aliyezaliwa 1867. Mume wake alikuwa daktari wa watu maskini mjini Berlin, kwa hiyo kila siku alikuwa anawaona akina mama waliochoka. Mwaka 1903 alichora picha ya mama amekumbatia maiti ya mtoto. Ili aichore vizuri alikaa mbele ya kioo, akampakata mwanawe mwenyewe, Peter, wa miaka saba, akijifanya amekufa.

Vita vya kwanza vya dunia vikaanza 1914. Peter alikuwa na miaka 18, anataka kwenda kupigana. Baba alikataa. Mama ndiye aliyemwombea kwa baba mpaka akaruhusiwa. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule Peter akauawa Ubelgiji.

Mama huyo alianza kufikiria sanamu ya kumkumbuka mwanawe. Alianza, akaacha, akaanza tena. Hakuimaliza mpaka 1932. Hesabuni wenyewe: karibu miaka 18, sawa na umri wa mtoto mwenyewe. Mwisho hakumchonga mtoto. Alichonga wazazi wawili wamepiga magoti, kila mmoja peke yake, baba amejikumbatia, mama ameinama. Baba ana sura ya mume wake, mama ana sura yake mwenyewe. Leo sanamu hizo ziko kwenye makaburi ya askari ya Vladslo, Ubelgiji, alipolala Peter. Na msiba haukuishia hapo. Mjukuu wake, naye akiitwa Peter, aliuawa katika vita vya pili mwaka 1942.

Kwa nini ninawaambia haya? Kwa sababu hapa kambini tunapenda kusema "sahau, songa mbele". Mtu akilia tunamwambia jikaze. Huyu mama hakusahau, wala hakulala chini akafa. Alifanya kazi na huzuni yake kwa mikono, pole pole, miaka mingi. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi nimejifunza kwamba hata mtoto ana uchungu wa mzazi, na sisi wakubwa hatumuulizi.

TUFANYE NINI SASA?

Hatuna mpingo, hatuna marumaru. Lakini udongo uko mlangoni, makaa yako jikoni, na karatasi zangu zilizotumika upande mmoja zipo, njooni mchukue. Nawaomba kila nyumba jambo hili mwezi huu:

1. Mtoto achore mama yake, au afinyange kwa udongo. Mama aliye hai, mama aliyefariki, mama mdogo, shangazi, bibi, dada mkubwa, mama wa kambo, hata baba anayelea peke yake. Yeyote anayembeba ndiye.

2. Msimcheke, msimsahihishe. Akichora mkono tu, basi ni mkono. Akichora sauti (mmoja alijaribu!), muulize ilikuwa inasema nini.

3. Chini ya picha andikeni JINA. Jina kamili, mahali alipozaliwa, na kitu kimoja alichokuwa anakifanya kwa mikono yake. Asiyejua kuandika aje kwangu au amwombe kijana yeyote wa sekondari. Tusiwafanye mama zetu kama sanamu za makumbusho zisizo na jina.

4. Mkiwa na kitu chake, kitenge, kikombe, shanga, msikingojee sana wakati mzuri. Najua mnaogopa mtoto ataumia. Lakini mtoto anauliza hata akinyamaza.

Hilo la nne sikulitunga mimi. Wiki iliyofuata yule mama mdogo alirudi shuleni baada ya masomo, safari hii na mfuko. Tulikaa watatu. Akatoa kitenge, kimekunjwa vizuri, kimepauka kwenye mikunjo. Mimi nilidhani mtoto atalia. Hakulia. Alikigeuza geuza, akakinusa, halafu akasema, "Samaki ni wa bluu. Mimi nilichora weusi."

Mama mdogo ndiye aliyelia. Akamwambia jina la mama yake, jina lote, la nyumbani na la ubatizo, na jinsi alivyokuwa anakwenda kununua samaki mwaloni alfajiri, yeye mtoto mgongoni. Mengine sitayaandika, ni yao. Hata haya nimeandika kwa ruhusa yake.

Kesho yake mtoto aliniletea karatasi nyingine bila kuagizwa. Wako akina mama wawili. Mmoja amegeuka, anaonekana mgongo na kile kitenge, samaki ni wa bluu (sijui kalamu aliitoa wapi). Wa pili ametazama mbele, ana macho, pua, mdomo na kile kikovu chake cha shavuni, amemshika mtoto mkono. Chini ameandika majina mawili. Sikuweka maksi. Nilimwomba tu niitundike ukutani, akakataa, akasema ni ya nyumbani.

Basi wapendwa, nafasi yangu imeisha. Picha zitakazokuwa tayari, mwenye kupenda azilete darasani Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tutazibandika kwa siku moja wazazi waje kuona, halafu kila mtu anarudi na yake. Na mwezi ujao, Mungu akipenda, tutachemsha yale maji.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea,
Mitundu, Dzaleka.